Ni Nani Aliyeipeleka Injili Antiokia?

Somo: Matendo ya Mitume 11:19–26

Nawasalimu ninyi mlioketi na chai ya asubuhi, na wewe mama uliyeiweka redio dirishani huku ukikoka moto, na ninyi mlio njiani kutoka Homa Bay kwenda Migori, ambao dereva amekubali kutuacha tuzungumze. Sitawachukulia muda mrefu.

Nilipokuwa chuoni nikisomea kazi hii ya uchungaji, mwalimu wetu alituuliza swali moja: Ni nani aliyelianzisha kanisa la Antiokia? Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nikajibu, "Paulo." Mwenzangu mmoja akasema, "Barnaba." Mwalimu akatikisa kichwa, akatuambia tufunge madaftari, tufungue Biblia, tusome sura ya 11 ya Matendo polepole kama watu wanaolipwa kwa kila neno. Tukasoma. Tukaona aibu.

Maana mtakatifu Luka anasema wazi. Baada ya Stefano kupigwa mawe, waumini walitawanyika kwa sababu ya dhiki. Wengine wakaenda Foinike, wengine Kipro, wengine wakafika Antiokia, na mwanzoni walisema habari za Yesu na Wayahudi wenzao peke yao. Lakini walikuwako baadhi yao, watu wa Kipro na wa Kirene, ambao walipofika Antiokia walisema na Wayunani pia. Mkono wa Bwana ukawa pamoja nao, na watu wengi wakamgeukia Bwana. Basi, majina yao ni nani? Luka hakuyaandika. Mtu huyu huyu aliyetuandikia jina la mtumishi wa kike aliyekwenda kumfungulia Petro mlango, na jina la kijana aliyesinzia dirishani hata akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, hakutuachia jina hata moja la watu walioipeleka Injili katika mji wa tatu kwa ukubwa katika dola yote ya Rumi.

Tunajua machache tu juu yao. Walikuwa wakimbizi. Walikuwa wametoka Yerusalemu, safari ya kilometa kama 500, kama mtu atokaye Mombasa akaja Nairobi, lakini kwa miguu na kwa mashua. Na baadhi yao walikuwa watu wa Kirene, na Kirene, ndugu msikilizaji, iko Afrika, katika nchi tuiitayo Libya leo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Injili ni habari iliyoletwa Afrika na wageni tu, mwambie kwa upole kwamba Waafrika walikuwamo miongoni mwa watu walioipeleka kwa wengine, hata kabla wanafunzi hawajaitwa Wakristo. Maana jina hilo lenyewe, Mkristo, lilianza kutumika pale pale Antiokia.

Barnaba alikuja baadaye. Kanisa la Yerusalemu lilisikia habari, likamtuma. Ni kawaida yetu sisi wenye kola shingoni; kazi ikiisha kuota ndipo tunafika na daftari. Lakini Barnaba alikuwa mtu mwema, na nitamrudia kabla sijamaliza.

Kuna jambo jingine ambalo limenishangaza kwa miaka mingi. Katika sura ya 16 ya kitabu hicho hicho, Paulo na wenzake walijaribu kwenda Bithinia, nchi iliyo kaskazini mwa Uturuki ya leo, kando ya Bahari Nyeusi. Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa. Mlango ukafungwa. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 50. Basi yapata mwaka 112 gavana mmoja Mrumi, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari Trayano barua kutoka huko huko Bithinia. Alikuwa na taabu. Alisema kwamba imani hii imeenea si mijini tu, bali hata vijijini na mashambani, na mahekalu ya miungu yalikuwa yamekaribia kuachwa. Ili kupata habari zaidi aliwatesa wanawake wawili, watumwa, ambao Wakristo wenzao waliwaita wahudumu wa kanisa. Majina yao hakuyaandika.

Miaka sitini tu! Nchi ambayo mtume Paulo alizuiwa kuingia ilikuwa imejaa Wakristo. Hatuna kitabu kinachosimulia jinsi Injili ilivyopitishwa huko kijiji kwa kijiji. Tuna barua ya gavana mwenye hasira, na wanawake wawili wakilia chini ya mateso.

Na hapa kwetu je? Mwanzo wa kanisa letu la Kianglikana katika Nyanza huandikwa hivi: wamisionari wa C.M.S. walifungua kituo cha Maseno mwaka 1906. Ndugu zetu Waadventista walianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka huo huo. Hayo ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya watu hao. Lakini nenda leo Suna, nenda Kanyamkago, uliza wazee kanisa lao lilianzaje. Mara nyingi hutasikia jina la Mzungu. Utaambiwa habari za familia zilizovuka kutoka upande wa kaskazini wa ghuba, au zilizoshuka kutoka Maragoli, miaka ya 1940 na baada ya hapo, kutafuta ardhi ya kulima. Walikuja na majembe, sufuria na kuku, na katika mzigo mmojawapo kilikuwamo kitabu cha nyimbo na Agano Jipya la Kiluo, ambalo lilikwisha kuchapishwa tangu mwaka 1926. Jumapili ilipofika waliimba nyumbani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuimbia. Jirani akaja kusikiliza. Mchungaji alifika miaka mingi baadaye, akahesabu watu, akaandika ripoti.

Sasa, ndugu msikilizaji, mimi ninayesema maneno haya sikuyajua kwa kuyasoma tu. Nililazimika kuyajifunza kwa njia ya aibu, nami nitawasimulia.

Mwaka 2012 nilikuwa kasisi mchanga katika parishi moja ya kando ya ziwa, upande wa Migori. Chini yetu kulikuwa na mwalo, au bichi kama vijana wasemavyo, wenye wavuvi wengi wa omena, vijana wahamaji wanaofuata samaki kutoka mwalo hata mwalo. Hakuna hata mmoja wao aliyefika kanisani. Nikaona huruma, nikasema na wazee wangu, tukafanya harambee, tukakodi jenereta na vipaza sauti viwili vikubwa, tukafanya mkutano wa Injili siku nne, kila siku kuanzia saa nane mchana. Nilihubiri mpaka sauti ikanikauka. Wavuvi hawakuja. Siku ya tatu alikuja mmoja, nasi tukafurahi, kumbe alikuja kutuomba tupunguze sauti.

Kila mtu anayeishi kando ya ziwa anajua kwamba omena huvuliwa usiku, usiku wa giza, kwa taa. Ukisimama kilimani usiku ule utaona taa zimejaa majini kama mji mkubwa. Na mchana wale vijana hulala. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa hili, na nilijua jambo hilo kama nijuavyo jina langu, lakini nilipopanga mkutano wa Injili sikulikumbuka, kwa kuwa nilikuwa nikifikiria mkutano, sikuwa nikiwafikiria wavuvi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye aliuza uji na chai pale mwaloni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mashua zinapotua. (Ameniruhusu nisimulie habari zake, mradi nisimtaje jina.) Kanisani aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na wakati wa Ushirika Mtakatifu alikuwa akitoka nje. Nilimwona, nikadhani ana sababu zake. Sikumwuliza.

Mwaka ule kijana mmoja mvuvi, mtu wa upande wa Tanzania, alianza kukonda na kukohoa. Wenzake wakamwondoa katika mashua. Akawa analala katika kibanda cha nyavu, na watu wakawa wanamwekea chakula mbali kidogo, kama mtu anavyomwekea mbwa asiyemjua. Wote walidhani wanajua ugonjwa wake, na yeye mwenyewe alidhani anajua, na kwa sababu hiyo hakutaka kwenda kupimwa. Dawa zilikuwako, tena zilikuwa zikitolewa bure. Lakini aibu ilimziba njia.

Yule mama alimpelekea uji. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikunywa. Siku ya tatu mama akaketi chini karibu naye, akafungua fundo la leso yake, akamwonyesha vidonge. Akamwambia, "Mwanangu, hivi ni vyangu. Nimevimeza miaka sita. Naonekana kama maiti?" Kisha akamwambia jinsi alivyotaka kujitupa ziwani siku ile alipopewa majibu yake, na jinsi Yesu alivyomzuia. Baada ya siku hiyo walipanda pikipiki pamoja mpaka kliniki, yeye akilipa nauli kutoka katika pesa za uji.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua jinsi ugonjwa huu ulivyotupiga. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, Homa Bay ilionekana kuwa na virusi katika karibu watu 20 kwa kila watu wazima 100, na Migori 13, hali Kenya nzima ilikuwa chini ya 5. Katika miaka ile ya kwanza, kabla dawa hazijapatikana, sisi wahubiri tulisema nini? Wengi wetu tulisema ni hukumu. Tulizika watu kila Jumamosi na kuwahukumu juu ya majeneza yao, wakati yatima wao wameketi mbele yetu wakisikiliza. Wako watu ambao hawajarudi kanisani tangu siku hizo, na siwezi kuwalaumu.

Kanisa la kwanza nalo lilipatwa na tauni. Yapata mwaka 252 ugonjwa mkali uliingia Karthago, mji wa Afrika ya kaskazini, karibu na Tunis ya leo. Watu waliwatupa wagonjwa wao njiani wakakimbia. Wakristo walikuwa wametoka katika mateso makali miaka michache tu kabla, tena kutoka kwa majirani hao hao. Askofu wao Kipriano aliwafundisha kwamba si ajabu kuwatunza walio wao; nao wakawatunza hata wale waliokuwa wakiwatesa. Huko Aleksandria, Misri, askofu Dionisio aliandika habari za Wakristo waliowauguza wagonjwa mpaka wakaambukizwa wakafa. Miaka mia moja baadaye Kaisari Juliano, ambaye aliichukia imani yetu na kutaka kuirudisha ibada ya miungu, alilalamika kwamba hawa Wagalilaya hawalishi maskini wao tu, bali na maskini wetu pia. Hayo ni malalamiko ya adui. Natamani tungelalamikiwa hivyo sisi.

Narudi kwa yule kijana. Alipata nguvu. Akarudi majini. Na siku moja ya Jumapili nilipanda mimbarani nikaona katika benchi la nyuma vijana watatu wenye macho mekundu ya watu ambao hawajalala. Walikuwa wametoka ziwani moja kwa moja. Baada ya miezi kadhaa wote watatu walikuwa katika darasa la ubatizo. Nilijaa furaha, na kwa kweli, nikaanza kuwaambia makasisi wenzangu kwamba mkutano wetu wa Injili umeanza kuzaa matunda.

Ilipofika wakati wa kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo, yule kijana alimtaja muuza uji. Mzee mmoja wa kanisa akaniinamia sikioni akasema, "Pasta, huyo hawezi. Huyo amefungiwa."

Nilikwenda ofisini nikalitafuta daftari la nidhamu. Lilikuwa chini ya masanduku, panya wamelila pembeni. Jina lake lilikuwamo. Alipofiwa na mumewe alirithiwa na shemeji yake ambaye alikuwa na mke tayari, na kwa taratibu yetu akaondolewa katika Meza ya Bwana. Sitaki kubishana leo juu ya taratibu hiyo. Lakini nilipouliza zaidi nikaambiwa kwamba yule shemeji naye alikwisha kufa, tena miaka tisa iliyopita. Miaka tisa mama huyu alikuwa mjane tu kama wajane wengine, na hakuna mtu aliyelifungua daftari. Makasisi watatu walipita katika parishi ile. Mimi nilikuwa wa tatu.

Nikaenda kwake jioni. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia kwamba yule mtu amekufa. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Pasta, mlijua. Mlikuja kwenye matanga, mkaimba, mkala." Nikakosa la kusema. Nikamwuliza tena, kama mtu anayejitafutia mahali pa kushika, ilikuwaje akawaambia wale vijana habari za Yesu hali sisi tulimweka nje. Akasema, "Mlinizuia mezani. Hamkunizuia kusema naye, wala kumsema."

Niliomba msamaha wake mle mle nyumbani, na Jumapili iliyofuata niliomba mbele ya kanisa lote, jambo ambalo wazee wengine hawakulipenda. Kwa idhini ya askofu alirudishwa. Alisimama kisimani pa ubatizo na yule kijana, amevaa kitambaa cheupe, na mkono wake ulikuwa begani kwake wakati wote. Wale wengine wawili nao walimtaka yeye, lakini tuliwaambia wagawane.

Nilisema nitamrudia Barnaba. Luka anaandika kwamba alipofika Antiokia na kuiona neema ya Mungu, alifurahi. Hakusema, "Ni nani aliyewapa ruhusa?" Alifurahi, akawatia moyo. Halafu akafanya jambo moja zaidi, ambalo mara nyingi tunalipita haraka: alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli. Sauli alikuwa amerudishwa kwao miaka kadhaa kabla, na kitabu kimekaa kimya juu yake tangu hapo. Barnaba ndiye aliyekumbuka. Alimtafuta mpaka akamwona, akamleta, na mwaka mzima wakafundisha pamoja katika kanisa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelianzisha.

Sisi tulio na daftari, mchungaji mwenzangu, mwinjilisti, mzee wa kanisa, tulifungue wiki hii. Wengine humo wamekwisha kutimiza tulichowadai, nasi hatujawaambia. Na wewe unayesikiliza ambaye jina lako limo katika daftari kama hilo, au ambaye uliambiwa maneno mabaya kwenye mazishi ya mtu wako, nasema kama mmoja wa waliofanya hivyo: tulikukosea. Huna haja ya kutungoja sisi ili umseme Yesu. Jirani yako anaamka saa ngapi? Unamjua kuliko ninavyomjua mimi.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe unayajua majina ya watu wa Kipro na wa Kirene, na majina ya wale wanawake wawili wa Bithinia. Unayajua majina ya waliokuja Migori na kitabu cha nyimbo katika mzigo. Uwakumbuke alfajiri hii wanaotua na mashua zao, na wanaowangoja na uji. Uwakumbuke walio vitandani na wanaoogopa kupimwa. Uwalete mezani pako tuliowaacha mlangoni. Na sisi tulio karibu na meza, utupe macho ya Barnaba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.